Nyumba Mpya Isubiri Masika

Katika nyanda za juu za Kigoma nyumba hujengwa kiangazi. Mvua huanza Oktoba na kukatika Mei, na miezi michache ya jua inayobaki, Juni hadi Septemba, ndiyo ya kufyatua matofali, kuyapanga tanuru, kuyachoma, kusimamisha kuta na kupaua kabla mawingu hayajarudi. Ndivyo ilivyo Kasulu, ndivyo ilivyo Kibondo. Kwa hiyo nyumba nyingi mpya zinazotafutiwa wanunuzi huko hukamilika kabla hazijapigwa na mvua hata moja ya maana. Rangi bado inanukia, marumaru zinang'aa, madirisha ya alumini hayana mkwaruzo, na dalali humleta mnunuzi katika msimu ambao nyumba imara na nyumba dhaifu hazitofautiani kwa macho. Makala haya yanatetea jambo moja: kununua nyumba mpya Kasulu au Kibondo kunaweza kuwa uamuzi bora kuliko kujenga mwenyewe, na mara nyingi bora kuliko kununua nyumba kuukuu, ila upya wenyewe hauna thamani ya kulipiwa. Cha kulipiwa ni ardhi isiyo na mgogoro na kuta zilizovuka masika. Mnunuzi ana haki ya kudai vyote viwili, na ana nguvu ya kuvipata kuliko anavyodhani.

Soko lenyewe si la zamani. Mtu wa Buha, yaani nyanda hizi za Waha, kama Watanzania wengi, hakuzoea kununua nyumba. Alipata eneo kwa baba yake au kiwanja kwa jirani, akajenga. Serikali na wadau wa sekta hii wamekuwa wakisema kwa miaka mingi kwamba nchi ina upungufu wa nyumba zipatazo milioni 3, na kwamba mahitaji huongezeka kwa nyumba 200,000 kila mwaka. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa 1962, limejitahidi kufika mikoani, na mkoani Kigoma lilijenga nyumba za gharama nafuu eneo la Mlole, Manispaa ya Kigoma Ujiji. Lakini Mlole iko karibu kilomita 100 kutoka Kasulu, na mbali zaidi kutoka Kibondo. Anayeuza nyumba mpya Murusi au Murubona, Kasulu, au Biturana kule Kibondo, kwa kawaida ni mtu binafsi: mfanyabiashara aliyeweka faida yake kwenye matofali, mtumishi aliyejenga kisha akapata uhamisho, au fundi mwenye mtaji mdogo anayejenga moja, anaiuza, anaanza nyingine. Hana dawati la malalamiko wala jina la kampuni la kulilinda. Ukishahesabu fedha na kutia saini, mara nyingi uhusiano wenu umekwisha.

Na soko hili linakua. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,127,930 mkoani Kigoma; ile ya 2022 ikahesabu 2,470,967. Kwa miaka mingi umeme wa Kasulu na Kibondo ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, hadi miji hiyo ilipounganishwa na gridi ya taifa katika miaka hii ya karibuni. Lami imefika Kasulu kutoka Kidahwe, kilomita 63, na ile ya Kabingo hadi Manyovu kupitia Kibondo na Kasulu, kilomita 260 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, imezifungua wilaya ambazo zamani masika ilizifungia ndani. Mwalimu, muuguzi, afisa wa halmashauri, mfanyabiashara wa maharage na muhogo, wote wanatafuta pa kukaa, na si wote wenye miaka ya kungoja.

Kungoja huko ndiyo hoja kubwa ya kwanza inayoipa nguvu nyumba mpya. Tumezoea kusifu ujenzi wa kudunduliza, mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, mwaka wa tatu bati, na kweli umewapa paa watu ambao benki isingewatazama. Lakini gharama yake haionekani kwa sababu hulipwa kidogo kidogo. Kila mwaka wa kusubiri ni mwaka wa kodi ya pango kwa mwenye nyumba mwingine. Kila mwaka saruji, nondo na bati hupanda, na kwa Kigoma bidhaa hizo zimesafiri sana; kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, kisha bado lori la kupandisha milimani. Boma lililosimama bila paa kwa masika mbili huloa kutoka juu. Maji huingia kwenye viungo vya matofali, udongo ukayeyuka, na fundi anayerudi miaka mitatu baadaye huanza kwa kubomoa kozi za juu. Ukijumlisha pango ulilolipa, vifaa vilivyoibwa eneo la ujenzi, safari za kusimamia mafundi na kozi zilizojengwa mara mbili, nyumba ya kudunduliza inakaribia bei ya nyumba iliyokamilika, na wakati mwingine inaipita. Kwa mtumishi aliyepangiwa kazi Kibondo huku kiwanja chake kiko Kasulu, hesabu hiyo huwa mbaya zaidi, kwa sababu fundi asiyesimamiwa huchanganya zege kwa kadiri ya uaminifu wake.

Kuna watakaosema nyumba kuukuu ndiyo jibu: ni nafuu, imeshakaa, kasoro zake zinaonekana. Ni hoja nzito. Nyumba iliyosimama miaka 20 imejieleza. Ufa wake uko wazi, alama ya maji ukutani iko wazi, na jirani anajua kama kisima hukauka Agosti. Lakini nyumba kuukuu katika miji hii huja na matatizo mawili ambayo bei ndogo haiyafuti. La kwanza ni mirathi. Baba aliyejenga amefariki, watoto wametawanyika, anayeuza ni mmoja wao, na wengine watajitokeza baada ya mnunuzi kubadilisha bati. La pili ni nyaya na maji. Nyumba nyingi za zamani zilijengwa kabla umeme haujafikiriwa, nyaya zikaja kupachikwa baadaye na yeyote aliyejua kushika bisibisi. Choo kiko nje, na kukiingiza ndani kunadai kuvunja sakafu na kuchimba karo upya. Nyumba mpya imepangwa kwa maisha ya sasa tangu kwenye mchoro. Kama tayari imeunganishwa na umeme, hilo nalo lina thamani ya fedha: tangu Januari 2022 kuunganishwa njia moja mjini, pasipohitajika nguzo, kumekuwa shilingi 320,960, wakati kijijini ni 27,000. Muulize muuzaji kama mita ya luku ipo na inasoma jina la nani.

Basi kama faida ni hizo, kwa nini nasema upya si wa kulipiwa? Kwa sababu katika nyumba ya matofali ya kuchoma karibu kila kinachoamua uhai wake kimefunikwa siku rangi inapopigwa. Anza na tofali lenyewe. Tanuru la asili halichomi sawasawa. Matofali ya katikati, karibu na moto, huiva mpaka yakagongwa yanalia. Ya pembeni na ya juu hutoka yamekauka tu, rangi imebadilika lakini moyo ni udongo. Mjenzi makini huyatenga mabichi akayatumia kwenye kuta za ndani au akayarudisha motoni. Anayejenga ili auze haraka huyachanganya, na baya zaidi, huyaweka chini kwenye msingi yasikoonekana. Tofali bichi likikaa kwenye unyevu wa miezi saba hurudi kuwa udongo. Kipimo ni rahisi na hakihitaji mhandisi: omba matofali mawili yaliyobaki kwenye rundo nyuma ya nyumba, yaloweke kwenye ndoo usiku kucha, uone asubuhi kama yamebaki matofali. Muuzaji anayekataa kutoa matofali mawili amekwisha kukujibu.

Kisha kuna kinachoyaunganisha matofali hayo. Kwa sababu saruji ni ghali na udongo mwekundu uko miguuni, ni kawaida katika maeneo haya kujenga ukuta kwa udongo, halafu kuupiga lipu ya saruji nje na ndani. Ukimaliza, ukuta huo na ule uliojengwa kwa saruji tupu huwezi kuzitofautisha kwa macho. Hapa nataka nitende haki, kwa sababu wapo wanaoudharau udongo bila sababu. Nyumba za udongo zilizosimama miaka 30 au 40 ziko tele katika vijiji vya Buha. Zimesimama kwa sababu waliozijenga waliujua udhaifu wa walichokitumia: waliinua msingi wa mawe, wakashusha upenu mpana unaoweka ukuta mbali na mvua, wakazungushia baraza. Kujengea udongo si kosa. Kosa ni kuuza ukuta wa udongo kwa bei ya ukuta wa saruji, na kuujenga kwa mtindo unaodai saruji. Mtindo unaopendwa sasa, wa kuficha bati nyuma ya ukuta uliopandishwa juu ya paa, hauna upenu kabisa. Maji yote ya paa hukusanywa kwenye mfereji wa ndani, juu ya ukuta wenyewe. Majani yakiziba siku moja ya Desemba, maji hupanda, hutafuta njia, na njia hiyo ni kushuka ndani ya ukuta. Mtindo huo unapendeza pichani na unafaa mahali pa mvua chache. Katika nyanda zinazonyeshewa zaidi ya nusu ya mwaka, nyumba ya udongo yenye bati lililofichwa ni nyumba ambayo ningemshauri mtu aiache hata kwa bei ya chini.

Zege nalo lina siri yake. Lenta inayozunguka nyumba juu ya milango na madirisha ndiyo inayozifunga kuta zote ziwe kitu kimoja. Zege hupata nguvu polepole. Wahandisi hupima nguvu yake baada ya siku 28, na katika wiki ya kwanza linahitaji kumwagiliwa maji kila siku, hasa katika jua la Julai. Anayekimbizana na mvua humwaga lenta Jumatatu na kupandisha kozi Jumatano. Hutaona lolote mpaka ardhi itikisike, na ardhi ya magharibi mwa Tanzania hutikisika, kwa kuwa mkoa mzima uko kandokando ya Bonde la Ufa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga Ziwa Tanganyika. Tarehe 10 Septemba 2016 jingine, la 5.9, liliupiga mkoa jirani wa Kagera. Lilikuwa dogo kuliko lile la ziwani, lakini liliua watu na kubomoa maelfu ya nyumba, nyingi zikiwa za matofali yasiyofungwa kwa nondo. Kumuuliza muuzaji nondo ngapi ziko kwenye lenta, za milimita ngapi, na kumwomba picha za siku ilipomwagwa ni swali la uhai. Siku hizi kila fundi ana simu yenye kamera, na mjenzi anayejivunia kazi yake ana picha hizo.

Paa lina maadui wawili, mbao mbichi na mchwa. Mkaratusi uliokatwa mwezi uliopita na kupauliwa mwezi huu hujipinda unapokauka, ukang'oa misumari na kuacha bati likipigwa na upepo. Mchwa hupanda kwenye ufa wa msingi, hupita nyuma ya lipu na kufika kwenye kenchi kimya kimya. Mwenye nyumba hujua siku dari inapolegea. Mbao zilizotiwa dawa, na dawa ya mchwa iliyomwagwa kwenye msingi kabla ya jamvi, ndiyo kinga, na zote mbili haziongezwi kirahisi baadaye. Panda darini na tochi. Kazi hiyo haifikii nusu saa, na itakupa habari ambazo sebule haiwezi kukupa.

Yote haya yanarudi kwenye mvua. Masika moja hufanya ukaguzi ambao mnunuzi asiye fundi hawezi kuufanya: huonyesha bati linalovuja, unyevu unaopanda kwa kukosekana kwa karatasi ya kuzuia maji juu ya msingi, rangi inayobanduka kwa kupigwa juu ya lipu isiyokauka, msingi unaotitia upande mmoja kwa kuwa nusu ya nyumba iko juu ya udongo mwekundu mgumu na nusu juu ya udongo mweusi wa bondeni unaovimba na kunywea. Huonyesha pia eneo. Miji hii iko juu ya vilima, na viwanja vya bei nafuu mara nyingi ni vya mteremkoni au karibu na mabonde yanayolisha mto Malagarasi. Kiwanja kikavu cha Agosti kinaweza kuwa njia ya maji ya Machi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mto, kwa hiyo nyumba iliyojengwa humo ina matatizo mawili, la maji na la sheria.

Hapo ndipo tunafika kwenye ardhi, ambayo kwa maoni yangu ni nzito kuliko matofali yote. Ukuta mbovu unabomolewa na kujengwa upya. Ardhi yenye mgogoro humfilisi mtu mahakamani. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, ziliigawa ardhi katika makundi yenye taratibu tofauti, na pembezoni mwa Kasulu na Kibondo mji unakua ukiingia ndani ya ardhi ya kijiji. Nyumba yenye sura ya mjini kabisa inaweza kuwa imekaa juu ya ardhi ya kijiji yenye hatimiliki ya kimila, ambayo kumuuzia mtu kunahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Saini ya mwenyekiti na mihuri miwili kwenye karatasi ya mauziano ni ushahidi kwamba fedha zimetolewa. Si hati, wala haithibitishi kwamba aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza. Kwa kiwanja kilichopimwa, fanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika bei. Tangu 2020 kila mkoa una ofisi yake ya ardhi, na mtu wa Kasulu halazimiki tena kufuata hati zake nje ya mkoa. Nenda na afisa au mpima ardhi uone bikoni kwa macho, kwa sababu nyumba mpya kuvuka mpaka kwa mita mbili ni jambo la kawaida kuliko inavyodhaniwa.

Kuna mipaka mingine ambayo muuzaji hataitaja. Sheria ya Barabara ya 2007 iliipanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Lami mpya imezipandisha bei nyumba za kando ya njia, hasa zenye fremu za maduka mbele, na watu wanalipa zaidi kwa nyumba ambayo ukumbi wake uko ndani ya hifadhi. Chukua futi kamba. Wilayani Kasulu yamekuwapo pia maeneo yenye migogoro ya muda mrefu kati ya wananchi na hifadhi za misitu, upande wa Makere na Kagera Nkanda, na mgeni anayenunua huko bila kuuliza anarithi kesi. Mwisho, mwenzi wa muuzaji. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Nyumba mpya ambayo familia haijawahi kulala inaweza kuonekana haihusiki, lakini aliyechangia matofali ana dai lake. Mke asaini, au mume asaini, mbele ya mwanasheria.

Upande wa fedha nautaja kwa ufupi. Mauzo ya kwanza ya nyumba mpya ya makazi yanaweza kutozwa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 iwapo muuzaji amesajiliwa kwa kodi hiyo. Wauzaji binafsi wengi wa wilayani hawajasajiliwa, kwa hiyo anayekuongezea asilimia hizo akuonyeshe cheti cha usajili. Ushuru wa stempu ni asilimia 1, na kodi ya faida ya muuzaji lazima iwe imelipwa ndipo uhamisho usajiliwe, hivyo andikeni kwenye mkataba nani analipa nini. Mikopo ya nyumba nchini imekuwa ikitozwa riba ya asilimia 15 hadi 19 kwa mwaka katika benki nyingi. Mkopo wa milioni 50 kwa asilimia 17 unadai riba ya kama milioni 8.5 mwaka wa kwanza pekee, na benki haitakupa bila hati. Kwa mtu wa kipato cha kawaida, mkopo huo unakula faida yote ya kutodunduliza. Nyumba mpya inamfaa zaidi mwenye fedha mkononi au mwenye mkopo mfupi.

Lakini kuna suala la fedha linalozihusu Kibondo na Kasulu kuliko miji mingine, nalo ni bei kupangwa kwa kutazama kodi ya pango inayolipwa na mashirika ya kuhudumia wakimbizi. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ipo tangu 1996. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya Oktoba 2015 Warundi walipoikimbia nchi yao, na Mtendeli ya Kakonko ikafuata Januari 2016. Wafanyakazi wa mashirika wanahitaji nyumba nzuri zenye uzio na tangi la maji, na wajenzi wakajenga kwa ajili yao. Muuzaji wa Kibondo atakuambia nyumba hii inapangishika kwa kiasi fulani kwa mwezi, na bei yake ameipiga kwa hesabu hiyo. Historia inasema vinginevyo. Mtabila ya Kasulu ilifungwa 2012. Mtendeli ilifungwa 2021. Nduta yenyewe iliwahi kufungwa kabla ya 2015. Mwaka 2017 Tanzania, Burundi na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi walikubaliana juu ya kurejea kwa hiari. Wakimbizi wana haki ya kurudi kwao, na siku wakirudi mashirika hufunga ofisi na nyumba zenye uzio hubaki na wapangaji walewale wa siku zote, walimu na wauguzi, wenye uwezo wa walimu na wauguzi. Ukinunua ili upangishe, piga hesabu kwa kodi ambayo mwalimu wa Kibondo anaweza kuilipa. Ikilipa kwa hiyo, nunua.

Sasa pingamizi ninalolitarajia zaidi: kwamba kumwambia muuzaji asubiri masika ni ndoto, kwamba atamuuzia mwingine. Nadhani tunajidharau. Mwenye fedha taslimu za kununua nyumba nzima Kasulu si mtu wa kupatikana kila wiki. Fundi aliyefunga mtaji wake wote kwenye nyumba moja anamhitaji mnunuzi kuliko mnunuzi anavyomhitaji yeye. Tena hakuna haja ya kusubiri nje. Kinachotakiwa ni kuibakiza sehemu ya bei, asilimia 10 kwa mfano, mpaka Mei, na kuandika kwenye mkataba kwamba kuvuja, kutitia na nyufa zitakazotokea kabla ya hapo vitarekebishwa kwa fedha hizo. Huu si uvumbuzi. Serikali yetu inapojengewa shule hubakiza sehemu ya malipo ya mkandarasi mpaka kipindi cha uangalizi kipite. Ufaransa, sheria humbana mjenzi awajibike kwa uimara wa jengo kwa miaka 10. Japani nayo, kwa sheria iliyoanza 2000, ilimbana muuzaji wa nyumba mpya kwa miaka 10 kuhusu nguzo zake na paa lisilovuja. Mnunuzi wa Kasulu anaomba masika moja. Fundi mwaminifu atakubali, kwa sababu anajua alichokizika chini ya lipu. Anayekataa hata asilimia 5 hadi Mei ameonyesha wasiwasi wake juu ya kazi yake mwenyewe.

Pingamizi jingine ni kwamba haya yote yanaongeza gharama: mwanasheria, mpima, fundi wa kujitegemea wa kukagua, upekuzi. Ni kweli, na bado gharama hiyo ni sehemu ndogo sana ya bei ya nyumba. Kinachonisikitisha ni kuona watu wakiikwepa ili wabaki na fedha za kununua makochi. Halmashauri za Kasulu na Kibondo nazo zina wajibu wao. Kibali cha ujenzi ni takwa la sheria kwa majengo ya mjini, na kibali maana yake mkaguzi afike msingi ukiwa wazi na lenta ikiwa haijafunikwa. Kama kila nyumba inayouzwa ingekuwa na kumbukumbu ya ukaguzi huo katika faili la halmashauri, mnunuzi angeisoma kwa ada ndogo na wajenzi wazuri wangepata bei wanayostahili.

Mpaka hilo lifanyike, ewe unayetafuta nyumba, usimpe mtu fedha yote mwezi wa nane. Fanya upekuzi kwanza, loweka matofali mawili, panda darini, pima mita 30 kutoka katikati ya barabara, mwite mke wa muuzaji asaini, na sehemu ya mwisho ya bei uilipe Mei, ukuta ukiwa mkavu.